Jibu Langu Kuhusu Lile Doa la Chai

Chepkoech mama,

Umeenda Kapkatet kumuaga shangazi yako kabla ya safari ya ng'ambo, na nimekukataza usirudi kabla hujala chakula chake, kwa sababu namjua shangazi yako akinyimwa mgeni wa kulisha, na pia kwa sababu nilitaka nyumba iwe tupu. Kalamu ni yako. Nimeitoa kwenye sanduku ulilokuwa umeshalifunga, na nimelifunga tena vibaya. Tangu asubuhi nimevunja kikombe, na chai ya saa nne nimeitia chumvi, mdogo wako akainywa yote. Hata yeye ananionea huruma.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule, wala usali, wala uwakwepe wanaume wanaosifu macho yako kabla ya kuuliza jina lako. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuyamalizia kabla sijafika katikati. Kuna jambo moja tu ambalo mimi na wewe hatujamaliza. Jumapili, baada ya kanisa, ulinisimamisha shambani nikiwa bado na viatu vya kanisa, ukaniuliza kama nitaliacha lile doa la michai inayokufa likae lilivyo mpaka urudi. Nikasema nitafikiri. Ukasema, "Mama, ukilichimba, kazi yangu imekwisha." Halafu ukaongeza, kwa sauti ile ile ya baba yako, "Lakini shamba ni lako." Hapo ndipo uliponimaliza.

Basi nimefikiri. Jibu ninalo, ila siwezi kulitoa kavu hivi. Lazima nizunguke kwanza, unanijua.

Unakumbuka baba yako alivyokuwa akiua mti? Huku kwetu hakuna mtu aliyeua mti polepole kama yeye. Aliuchagua, akauzungusha panga, akaumenya gome ukanda mzima kuzunguka shina, kisha akauacha umesimama pale pale. Mti unapukutika majani, unakauka, unakuwa mweupe, na yeye anapita kila asubuhi akienda kukamua, anaugonga kwa vidole na kusema bado. Majirani walicheka wakasema Arap Koske anafuga miti iliyokufa. Na mimi nilicheka nao, kwa sababu nilitaka kuni. Siku moja akanieleza tukiwa jikoni. Ukikata mti wa msitu ukiwa mbichi, alisema, mizizi inabaki chini imejaa chakula, na kuvu anakuja kula. Akimaliza kisiki anatafuta jirani, na jirani ni chai. Lakini ukiumenya na kuungoja, mti unakula akiba yake wenyewe mpaka mizizi inabaki mitupu, na kuvu akija hakuti kitu. Nikamwambia, "Kwa hiyo mimi nipikie nini, subira?" Alicheka mpaka chai ikammwagikia suruali.

Halafu yeye mwenyewe akafa, wiki ya mvua, na watu wakaja. Woi, walikuja! Kutoka Bomet, kutoka Chepseon, hata watu wa kwetu Nyeri walikuja na kulala kwenye mabenchi ya kanisa. Kuni zikaisha mara moja. Wanaume wakasimama nje ya jikoni na mapanga, wakatuma mtu aniulize wakate mti gani. Ulikuwepo mmoja tu mkubwa, ule wa katikati ya chai uliobaki tangu kulipokuwa msitu. Baba yako alikuwa hajaumenya bado. Alisema huo utakuwa wa mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa chini na wanawake wamenishika mikono, na nikasema kateni ule, watu wapate kula. Sikufikiri hata kidogo. Huo mti ndio uliopika chai na githeri ya kila mtu aliyemlilia.

Hilo unalijua, sikuambii siri. Na sijutii kulisha watu. Kinachoniuma ni miaka iliyofuata. Mchai wa kwanza ulipogeuka njano karibu na kile kisiki, nikasema ni jua. Wa pili ulipokauka nikasema ni radi. Nilisimama mbele ya wachunaji na kusema radi, na mawingu hatukuwa tumeyaona wiki nzima! Nikaanza kuchuna kwa kuzunguka mbali na pale, na nikazoea kuzunguka mpaka sikujua tena kwamba nazunguka. Niliogopa kuinama na kuangalia, Chepkoech. Kama ningeinama mapema, tungechimba shimo la ukubwa wa meza ya jikoni na mambo yangeishia hapo. Nakuandikia hivi kwa sababu hilo la kuzunguka na wewe unalo, nimeliona. Barua ya chuo ilipochelewa ulijifanya huikumbuki, ukawa unafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Aliyeinama ni wewe. Ulikuja likizo kutoka Nairobi, ukaenda moja kwa moja, ukachutama kwenye mchai uliopasukapasuka shina pale chini, ukakwangua gome kwa kisu changu cha mboga. Ndani kulikuwa na utando mweupe. Ukaniambia ninuse. Nikanusa, na kumbe ni harufu ya uyoga. Nikakutazama usoni nikaona unatabasamu! Chai yangu inakufa na mtoto wangu anatabasamu.

"Mama, unajua huyu ni nani?"

"Ni shetani."

"Ni kuvu. Na nadhani si wengi. Nadhani ni mmoja tu."

Wiki hiyo ulichemsha viazi vyangu, ukavitupa viazi ukabakiza maji. Nikasema kimoyomoyo, Ngai, Mungu wangu, nimesomesha kichaa. Yale maji ukayagandisha kwenye visahani vya kioo, ukampandia kuvu humo kama mtu anayepanda sukuma wiki, na sufuria yangu ya ugali haijawahi kurudi ilivyokuwa. Ulipokuja likizo iliyofuata ulikuwa umemsoma. Wewe na mwalimu wako mlikuwa mmechukua jeni zake kule maabara, kipande cha kona hii na kipande cha kona ile, na maandishi yake yakawa yale yale pande zote. Mwili mmoja chini ya ardhi, kutoka kwenye kisiki mpaka mistari ya juu. Ulinieleza kwa furaha, na mimi tangu siku hiyo nikipita pale nakanyaga taratibu.

Halafu lile lori la kuni likapita kwenda kiwandani, limejaa magogo ya bulugamu mpaka linayumba, ukalionyesha kidole. Ukasema kiwanda kinachoma lori zima kukausha chai, lakini huyu kuvu anaitoa nguvu iliyo ndani ya mti bila kiberiti, bila moshi, na watu wakijua anavyofanya, wakisoma jeni zinazomwezesha, siku moja wanaweza kutengeneza mafuta ya gari kutoka maranda ya mbao, na kusafisha udongo uliomwagikiwa oili. Nikakuambia basi mwambie aje anipikie. Ukacheka. Lakini nilikuwa nimekusikia, mama. Nilielewa kwamba kitu hiki kinachokula shamba letu kinaweza kuwa na manufaa kwa watu nisiowajua. Nilikuonea fahari nikashindwa kusema, nikakuagiza maji.

Sasa nikuambie ninachoogopa. Ndege siiogopi sana. Baridi naiogopa kidogo. Yule kijana wa Chepseon, mtoto wa mzee mwenye kinu, ndiye anayeninyima raha. Alienda kusoma ng'ambo, kama unavyokwenda wewe. Mwanzoni barua zilikuwa ndefu, mama yake akizileta kanisani kutusomea. Kisha zikawa fupi. Kisha ikawa kadi ya Krismasi, jina lake tu chini. Wamemjengea nyumba ya mabati kwenye boma, na kila Jumamosi mama yake anafungua kufuli, anapangusa vumbi kwenye kitanda ambacho hakuna mtu aliyekilalia, anafunga tena. Nilikuwa nikimhurumia. Siku hizi nikikutana naye sokoni nageukia upande wa vitunguu, kama vile hicho kitu kinaambukiza.

Na siwezi hata kumlaumu yule kijana, kwa sababu mimi pia niliondoka kwetu. Siku niliyoolewa huku, shosho yako, mama yangu, alinitengea kondoo jike. Akasema huyu ni wako, atakaa hapa. Baada ya hapo kila mfanyabiashara aliyetoka Nyeri kuja soko la Kericho aliniletea salamu moja: kondoo wako amezaa, njoo umwone. Mimi najua alichotaka. Na nilikwenda, haki nilikwenda, lakini nimenuna. Nilifika, nikakaa na mkoba wangu magotini, nikaonyeshwa kondoo, nikasema amenenepa, nikala, kesho yake nikaondoka. Nilikuwa natembelea kondoo. Shosho yako akinitazama naangalia njia.

Alipokufa tukaenda kumzika, na wewe ulikuwa mdogo mgongoni. Baada ya mazishi nikamuuliza mke wa mjomba wako kondoo wangu na watoto wake wako wapi. Akashangaa. "Kondoo yupi? Yule alikufa kitambo." Alikuwa amekufa na mama yangu akaendelea kumzalisha kwa mdomo, salamu baada ya salamu, ili nije. Na mara zile za mwisho nilizokwenda, alinionyesha kondoo wa jirani! Nilienda kwenye zizi nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Nililia kwa hasira pia, mama. Kwa nini hakusema tu, njoo, nimekukumbuka? Na mimi kwa nini nilihitaji kondoo ndipo nipande gari? Sijapata jibu mpaka leo, na sidhani nitalipata.

Sasa sikiliza. Jumapili uliponiuliza kuhusu lile doa, moyoni nilikuwa nimeshakubali. Nilikuambia nitafikiri ili nisionekane nimekimbilia. Nilijiambia ni kwa ajili ya masomo yako, na mama gani anamvunjia mtoto masomo? Nikaendelea kujiambia hivyo Jumatatu na Jumanne. Jana nikatoka kuchuna mistari ya juu, ile inayotulisha mimi na mdogo wako, na nikaona mchai mwingine umegeuka njano, ng'ambo ya pale ulipoweka vijiti vyako vya alama. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisimama pale na kikapu mgongoni, nikafurahi. Nilisema, anatembea, ana kazi bado, lazima Chepkoech aje kumpima.

Nikaogopa sana baada ya hapo. Nilikaa chini kwenye majani mabichi na sketi yangu nzuri. Mtu mzima, mwenye mtoto mwingine wa kusomesha, nafurahia chai yangu ikiliwa ili binti yangu apate sababu ya kuja nyumbani. Ningeliacha likae mwaka huu, na mwaka ujao, na ule mwingine, na nikikuandikia barua ningekuambia limefika wapi. Limefika kwenye mti wa parachichi. Limefika kwenye zizi. Njoo ulione. Na wewe ungekuja, umechoka, na chupa zako, ungechutama, ungekwangua, ungejaza, ungeondoka. Na pengine siku moja ungekoma kuja, na mimi nisingekuwa na chai wala wewe.

Baba yako hakuwa mtu wa maneno, lakini kuna jambo alilifanya ambalo sijakusimulia vizuri. Mwaka ule wa fujo, watu wa kabila langu walipokuwa wakifukuzwa na moshi ukionekana ng'ambo ya mto, nilifunga nguo kwenye shuka nikakaa mlangoni. Nilimngoja anikataze. Nilitaka anishike, tugombane, nipate wa kumlaumu. Akaja akakaa karibu yangu. Akasema, "Ukienda nitakusindikiza mpaka barabarani Kapsoit, hakuna atakayekugusa nikiwepo. Ukikaa, nakwenda kukamua." Basi. Akangoja kidogo, akachukua ndoo. Nilimchukia dakika ile, nikaona hanipendi. Kisha nikafungua shuka nikatandika kitanda. Nimeishi humu miaka yote hii bila hata siku moja kujisikia kwamba nilifungiwa, na hilo nililielewa akiwa ameshakufa.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Sitaliacha.

Watu wa jembe wanakuja Jumatatu, nimeshaongea nao. Tutang'oa michai yote inayougua na ile inayoizunguka hata ikiwa kijani inang'aa, kama ulivyonifundisha mwenyewe, na tutafuata kila mzizi mpaka ule mwembamba kama penseli, tuanike, tuchome. Kile kisiki nacho kitatoka. Kisha tutapanda majani ya Gwatemala, ambayo kuvu hayali, na kuiacha ardhi ipumzike. Najua ninachokuvunjia. Najua vile vipande vilivyo kwenye friji la mwalimu wako Nairobi ni nusu tu ya kazi, na kwamba ulitaka kumfuata akiwa hai, akitembea, uone kama jeni zake zinabadilika njiani, na hakuna mwingine huko unakokwenda mwenye kuvu anayemjua tangu kwenye kisiki. Utalazimika kutafuta kuvu mwingine na kuanza tena. Pole. Nasema pole kweli, si ya mdomo.

Barua hii sitaificha ndani ya sanduku ukaikute huko mbali. Naiweka juu ya mto wako, ili uisome ukiwa bado humu ndani na unaweza kunifokea. Nitakuwa jikoni. Ukija na maneno ya kisayansi nitakusikiliza, lakini watu wa jembe watakuja. Ukitaka kununa mpaka uwanja wa ndege, nuna. Nitakaa karibu yako nimenyamaza, ingawa sijui kama nitaweza.

Nina hofu, Chepkoech. Naona kama nakata kwa mkono wangu kamba ya mwisho iliyokufunga hapa, na nasikia sauti ya mama yangu ikiniambia mjinga wewe, mtoto anaenda ng'ambo na wewe unamwondolea hata kondoo. Usiku nitaamka nione kweli nilikuwa mjinga. Lakini mkono umeandika na sitafuta.

Nasikia mbwa, huenda ni wewe. Basi sikia hili la mwisho. Siku yoyote utakayoshuka pale barabarani, hakutakuwa na kitu hapa cha kutia kwenye chupa. Hakutakuwa na cha kupima. Kutakuwa na mimi na mdogo wako. Kama tunatosha, njoo.

Mama yako